Masika Yasiyo na Nyanya

Temeke, Jumatatu, 22 Machi 1954

Leo wameondoka watu wa mwisho wa matanga. Wamekunja mikeka ya kuazima, wamesugua masufuria, wakashika njia, na nyumba imekuwa pana. Mume wangu Shomari tulimzika Jumatatu iliyopita. Alishinda bondeni Mtoni akizibua mitaro ya nyanya kwenye mvua, akarudi anatetemeka, na kichomi hakikumpa hata wiki. Mtoto hatukujaliwa.

Mimi ni Mwanaheri binti Kondo, Mzaramo wa hapa hapa. Shule nilifika darasa la nne. Daftari hili nililinunua mwaka jana niandike mapishi, nikaishia ukurasa mmoja wa samaki wa kupaka. Sasa nimo edani, mjane wa kukaa ndani anayeitwa kizuka: miezi minne na siku kumi sitoki nyumbani, sijipaki manukato, sisemi na mwanamume asiye ndugu. Nitaandika humu, kwa kuwa sina pengine pa kusemea.

Jumanne, 23 Machi

Si kweli kwamba niko peke yangu. Wifi yangu Mauwa, dada yake Shomari, alikuja kutoka Unguja siku ya tatu ya msiba na amebaki. Ni mwembamba, ana sauti kubwa, na kila kitu cha nyumba yangu amekihamisha kutoka mahali pake. Leo kaniambia wakati tunachambua mchele:

"Ukitoka eda twende zetu Unguja, wifi yangu. Kaka mkubwa kashasema. Mwanamke hana mtoto, hana pato, akae na nani huku Bara?"

"Na nyumba?"

"Itafungwa. Halafu itatazamwa."

Nyumba ikishaanza kutazamwa hukaribia kuuzwa. Nilikumbuka tu kwamba Shomari akirudi bondeni alikuwa anapiga mluzi toka kwenye kona, ili nitenge maji ya kuoga kabla hajafika.

Jumatano, 24 Machi

Mvua kutwa.

Jumamosi, 27 Machi

Sijui niandikeje bila hasira. Nguo za marehemu hufuliwa kisha hutolewa sadaka, na Mauwa leo amefua zote. Amefua na kile kipande cha kikoi kilichokuwa kimeviringishwa darini juu ya jiko.

Kikoi kile kilikuwa mbegu. Kila mwaka Shomari alichagua nyanya nzuri kuliko zote, akaipasua, akapakaza mbegu zake kwenye kile kitambaa, akaviringisha na kukichomeka darini moshi ukifikie wadudu wasikile. Ni nyanya ndogo, zina mikunjo kama kilemba, ngozi yake ngumu. Zinavuka maji mpaka Unguja na hazipasuki.

"Kilikuwa kimeganda uchafu," Mauwa alisema. "Nimekisugua kwa sabuni mpaka nyuzi zikalegea. Hakifai hata kumpa maskini."

"Maji umemwaga wapi?"

"Pale karoni, uani. Kwani vipi?"

Nilipomweleza alikaa kwenye kinu. Tumekula wali bila kuangaliana.

Ijumaa, 2 Aprili

Albano amekuja. Ni Mluguru wa Mgeta, huleta mboga kwa treni toka Morogoro, na ndiye aliyekuwa anachukua nyanya za Shomari kuzipeleka Kariakoo na bandarini. Waluguru na sisi Wazaramo ni watani. Msibani mtani ana ruhusa ya kumtukana mfiwa hadi acheke. Mauwa hayajui haya, kwao Unguja hayapo.

Albano alisimama nje ya ua wa makuti, akapaza sauti:

"Hodi kizuka! Bado hujamfuata mzee? Au umeambiwa kaburini hakuna jiko?"

Mauwa aliruka kama amekanyaga kaa la moto. "Huna haya wewe! Mfiwa huyo!" Akachota maji kwenye ndoo akayarusha juu ya ua.

"Ahsante mama wa Unguja! Toka jana sijaoga!"

Nilicheka. Sikuwa nimecheka tangu Shomari afariki. Mauwa akanigeukia macho yamemtoka, akanikuta nimejiziba mdomo kwa kanga, mabega yananicheza. Ilibidi nimweleze utani ni nini. Akasema, "Basi nyie watu wa Bara mna wazimu," lakini jioni, nadhani, alikuwa anasikiliza kama atakuja tena.

Jumanne, 6 Aprili

Mzee Hija, mwenye bonde la Mtoni, alikuja kutoa pole. Mimi nilikaa chumbani, Mauwa alisimama mlangoni. Aliongea kwa upole lakini aliongea:

"Mwambie mjane nampa pole. Marehemu alikuwa mtu wangu. Lakini ardhi ile wanaitaka wengi. Ikifika Idi sijaona mche hata mmoja, nitampa mwingine, na asione nimemdhulumu."

Mauwa akauliza kwa nini asingoje eda iishe.

"Mama, bonde halikai eda."

Kwa hiyo mambo ni haya. Nikiwa na bonde, nina pato, na kaka mkubwa hawezi kusema sina pa kukaa. Bonde likienda, nitapanda boti na furushi la nguo zangu, nikaishi chumba cha nyuma nyumbani kwa watu, niwe mjane wa marehemu fulani hadi nife.

Jumatano, 7 Aprili

Albano, nje ya ua, ameahidi mbegu za Mgeta. Namnong'oneza Mauwa, Mauwa anapaza sauti.

"Anasema ahsante, lakini za Mgeta zimezoea baridi, marehemu alizijaribu zikaoza."

"Nimeshasikia," Albano akasema. "Kizuka ananong'ona kama mtu anayeita ng'ombe."

Jumatatu, 12 Aprili

Mvua. Paa linavuja pale pale alipokuwa anasema ataliziba.

Alhamisi, 15 Aprili

Leo asubuhi Mauwa alikuwa uani anang'oa majani kando ya karo. Alikuja jikoni kunipokea sufuria, na mkono wake ulipopita karibu na uso wangu nikashtuka. Ilikuwa harufu ya Shomari. Si ya mwili wake, ya mikono yake, ile ya kijani kali iliyoingia naye ndani jioni na haikutoka kwa sabuni.

Nikamshika kiganja nikakinusa. Yeye akadhani nimepagawa.

"Umeshika nini?"

"Majani tu. Mchicha pori."

"Umeng'oa yote?"

"Nimeanzia upande wa huku."

Nilikimbia uani. Kando ya karo, kwenye tope jeusi la maji ya kufulia, ilikuwa imesimama miche myembamba, ina manyoya, majani yamechanika pembeni kama yameng'atwa na panya. Nyanya. Zile zilizosuguliwa kwa sabuni. Mauwa alikuwa ameng'oa karibu nusu. Tulipiga magoti wote wawili, tukarudisha ardhini zile alizong'oa, moja moja, kwa vidole.

"Kumbe niliipanda mwenyewe," alisema.

"Uliifua."

"Basi nimeifua ikaota. Nani mwingine kafua mbegu ikaota?"

Mwaka wangu wa kwanza wa ndoa Shomari alinifundisha kugusa jani la nyanya kisha kunusa. Nilidhani ananichezea.

Jumatatu, 26 Aprili

Miche imeshika. Mauwa ameizungushia makuti kuku wasiingie. Kila akipita anaisalimia.

Alhamisi, 6 Mei

Ramadhani imeanza juzi. Mauwa alikwenda Kariakoo kutafuta vitu vya futari akarudi na nyanya tatu, moja imeshalegea.

"Ndizo zilizokuwepo soko zima! Na si zenu hizo, za Kenya, kreti limeandikwa."

Nilimwambia ni hivyo kila masika. Za kwetu pwani huoza kwenye tope, za Mgeta na Lushoto hukwama njiani kwa sababu barabara imekatika, basi tunakula zinazoshushwa toka Mombasa. Mwaka huu hata hizo hazionekani. Albano anasema huko Kenya kuna Hali ya Hatari, magari yanapekuliwa, watu wa mashamba wamekamatwa, na nyanya hazimsubiri askari amalize kupekua.

"Kwa hiyo Unguja nako hakuna," Mauwa akasema taratibu. "Maana sie tungule zetu mwatuletea nyie."

Kwao nyanya ni tungule. Usiku wa kwanza wa Ramadhani Mama Apolonia, jirani yetu Mkristo, mke wa karani, alikuja kuazima nyanya moja, akaniambia mumewe amekataa kula nyama isiyo na nyanya. Sikuwa nayo; kesho yake alipita na kikopo cha nyanya za Italia alichokipata duka la Mhindi, amekishika kama dawa.

Jumapili, 9 Mei

Leo tumebishana hadi tukasahau kiu.

Mimi nilisema Unguja ndio wanaotegemea zaidi. Kisiwa kizima kina karafuu na minazi, na nyanya lazima ivuke maji. Boti isipokwenda hawana. Sisi tuna nchi ambayo mtu hawezi kuimaliza kwa miguu, na tunakosa miezi miwili mitatu tu.

Mauwa aliweka chini mbuzi ya kukunia nazi.

"Hebu nkwambie, wifi. Sie twajua kuwa twaomba. Boti isipokuja, twatia ukwaju, twatia ndimu, twatia embe mbichi, mchuzi unaliwa na watu wanalamba vidole. Nyie mwaomba na kifua mmekitoa mbele. Ikikosekana miezi miwili, mume wa mtu anakataa nyama! Nani basi anayetegemea?"

"Lakini nyinyi mwaka mzima."

"Mwaka mzima, ndiyo. Ndiyo maana tumezoea."

Jioni alipika mchuzi wa papa kwa ukwaju na tui zito. Nilipomaliza bakuli nilikuwa nimeshindwa, ila sikumwambia.

Nimekaa nikifikiri. Kenya ikikohoa sisi tunakosa nyanya, na sisi tukikosa, Unguja wanakosa mara mbili. Kila mmoja anamwangalia wa mbele yake na hamuoni wa nyuma yake. Na mimi, miaka yote ile nilikula kwa mkono wa Shomari na sikujua kuwa naomba. Sijui kama Mauwa alikuwa anasema juu ya nyanya tu.

Jumatano, 12 Mei

Jua kidogo. Nimeanika mto wake. Sikuufua.

Jumamosi, 22 Mei

Mauwa amekwenda bondeni kuhamisha miche. Amefunga, hajashika jembe tangu azaliwe, na amekwenda na buibui mpaka Albano alipomwambia nyanya zitamwogopa. Nilimweleza kabla hajatoka: matuta yaelekee mtoni, mche uzikwe hadi majani ya kwanza, Shomari alikuwa anabana udongo kwa kisigino.

Alirudi alasiri amejaa tope hadi kwenye nyusi. Akalala sakafuni chini ya dirisha.

"Kaka yangu alikuwa anafanya hivi kila siku?"

"Kila siku."

"Na mie nikidhani tungule huota matengani." Akajifuta tope usoni. "Wajua kila wiki alikuwa akinletea tenga moja? Hakudai. Nauza Darajani, ndio nala. Toka mume wangu aniache ndio nala hivyo. Nimekuja kumzika kaka, nimekuja kuzika na chakula changu."

Nilijua kuwa alikuwa anatuma tenga. Nilidhani analipwa. Shomari hakuniambia, na nadhani hakuficha, aliona tu ni kitu kisichohitaji kusemwa. Nilimletea Mauwa maji ya kunawa. Mwezi wa tatu nilimwona kama askari aliyetumwa kunifuata. Leo nilimwosha miguu.

Jumapili, 30 Mei

Jana nimeteseka kuliko siku ya mazishi, Mungu anisamehe.

Mvua ilianza baada ya alfajiri, ile mvua nzito isiyo na upepo. Kabla ya adhuhuri Albano alikuja mbio. Hakuwa na utani.

"Mto umepanda! Unakula matuta ya chini!"

Mauwa alichukua jembe akatoka bila hata viatu. Mimi nikabaki mlangoni.

Toka mlangoni mwangu hadi bondeni si mbali. Nilikuwa naijua kila hatua, kwenye mnazi uliopinda, nyumba ya fundi cherehani, kisha unateremka. Nikatia mguu mmoja nje ya kizingiti. Maji ya paa yakanipiga unyayo. Nilijua ningefika, nilijua matuta yale yanafunguliwa mfereji upande gani kuliko wao wawili. Wapo wanaosema kwenye dharura kizuka anaruhusiwa. Lakini nani atapima dharura yangu? Mimi mwenyewe ninayetaka kwenda? Shomari nimemkalia eda kwa sababu hiki ndicho kitu cha mwisho ninachoweza kumfanyia, hakuna kingine kilichobaki, si chakula wala maji ya kuoga. Nikiivunja kwa ajili ya nyanya zake, angefurahi au angehuzunika? Hilo swali sikupata wa kumwuliza, kwa sababu wa kumwuliza ni yeye.

Nikaurudisha mguu ndani. Nikasimama pale pale, nikiangalia mvua, nikipaza sauti kwa yeyote: "Wafungue upande wa mitete! Upande wa mitete!" Mama Apolonia alinisikia toka kwake. Akatoka na mwavuli wa mumewe, akakimbia kuteremka, mwanamke mnene yule, kwenda kuwaambia.

Walirudi jioni wote watatu. Mauwa amepasuka mguu. Matuta ya chini yamekwenda na maji, ya juu yamebaki kwa sababu walifungua upande wa mitete.

"Mzee Hija alikuja," Mauwa akasema, meno yanagongana. "Kasimama juu kule na bakora. Kanitazama nimezama tope hadi kiunoni. Kasema, 'Mwambie mjane, nimeona mche.' Halafu kaondoka."

Tulifuturu wote wanne kwa sahani mbili, mimi nyuma ya pazia. Albano akasema, "Kizuka una sauti! Samaki wa Kigamboni wamekusikia."

Alhamisi, 3 Juni

Idi. Nimevaa kanga nyeupe ile ile. Watoto wa mtaa wamekuja kuchukua visheti. Shomari alikuwa anavificha vya sinia nzima ili awagawie yeye.

Jumanne, 15 Juni

Nyanya za kwanza zimetoa maua, Mauwa anasema. Mimi sijayaona.

Jumamosi, 3 Julai

Mtu wa Unguja ameleta salamu za kaka mkubwa: Mauwa anangojwa, na mimi pia. Mauwa alimsikiliza, akamkaribisha kahawa, akamwambia, "Mwambie kaka, huyu ana bonde." Yule mtu akauliza bonde la nini. "La tungule," Mauwa akasema. "Zile mnazokula."

Alhamisi, 22 Julai

Eda imekwisha. Mauwa ameniogesha, akanipaka mafuta ya nazi yenye asumini, akanivika kanga mpya ya maua. Kisha tukateremka bondeni pamoja. Nilitembea taratibu kama mgonjwa. Nyanya zipo, kijani, mikunjo yake ile ile. Nilidhani nitalia bondeni, lakini nililia barabarani, kwa fundi cherehani, aliponiambia tu "Habari za siku nyingi, mama."

Jumamosi, 24 Julai

Mauwa ameondoka na boti ya asubuhi. Hakuniomba twende wote. Tangu siku ya mvua hajatamka tena neno Unguja kwa ajili yangu. Bandarini alinikumbatia akasema, "Kaa na vyako, wifi," na nikagundua, pale pale, watu wanasukumana na mizigo, kwamba nilitaka aniombe mara moja zaidi. Ningekataa. Lakini nilitaka.

Vyombo vyangu viko mahali alipovipanga Mauwa, nami sasa siwezi kuvikuta.

Jumapili, 1 Agosti

Kimya. Nimepika kingi mno.

Alhamisi, 12 Agosti

Leo tumechuma za kwanza. Albano alishona matenga mawili, moja la Kariakoo, moja la Unguja. La Kariakoo akalipeleka kwa toroli. Akasema atapitisha na la Unguja bandarini, kama alivyokuwa anafanya zamani. Nikamwambia hapana, tutakwenda wote.

Karani wa boti alikuwa mpya. Alikuwa na penseli sikioni, haniangalii usoni.

"Tenga la nani?"

Albano akafungua mdomo. Najua alichotaka kusema, maana ndivyo lilivyokuwa linasemwa wiki zote za miaka yote: la Shomari. Akanitazama, akafunga mdomo, akaangalia baharini kama kuna kitu anakitafuta.

"La Mwanaheri," nikasema. "Mwanaheri wa Temeke."

"Linakwenda kwa nani?"

"Kwa Mauwa, Darajani. Anangojea."

Akaandika. Wabebaji wakalinyanyua, na nikaona tone moja la maji ya nyanya limedondoka kwenye ubao wa gati, mbegu mbili ndani yake. Moja imepasuka njiani, basi. Nikawaambia waliweke juu, wasiliwekee gunia.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Njia nzima nilikuwa na habari ya kumsimulia mtu: namna karani alivyouliza, na nilivyojibu. Nimefungua mlango, nimekaa, na nimemsimulia Shomari yote, kwa sauti, toka mwanzo.